Bango la Taa au la Rangi?

Mjini Meru, karibu na Ikweta, jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima. Kwa hivyo mwenye duka la dawa au hoteli, ambaye wateja wake huja hata usiku, anahitaji bango la taa. Lakini fundi cherehani afungaye saa kumi na mbili amwangazie nani? Stima hulipiwa daima, nayo ikikatika bango hutoweka. Rangi ya mchoraji hulipiwa mara moja, hadi ipauke.

Linalonikera zaidi mimi mwanaisimu ni maneno yenyewe. Mkulima atokaye Runyenjes kuja Embu, asiyejua Kiingereza, hunufaikaje na Kiingereza kinachong'aa? Mwandikie kwanza “Mbegu na Mbolea”, ndipo uulize bei ya taa.