Ukiritimba na usimamizi wa serikali: mfano wa kesi ya Microsoft

1. Utangulizi

Neno ukiritimba hutumiwa katika Kiswahili kwa maana mbili: kuhodhi biashara peke yako, na pia urasimu unaomzungusha mwananchi ofisini. Makala haya yanahusu maana ya kwanza. Yanakusudia kueleza jinsi serikali ya Marekani ilivyoikabili kampuni ya programu za kompyuta iitwayo Microsoft. Maswali ni mawili: sheria inakataza nini hasa, na baada ya hukumu ni nani anayehakikisha kwamba agizo linafuatwa?

2. Ukubwa si kosa

Sheria ya Sherman, iliyopitishwa Marekani mwaka 1890, haimwadhibu mfanyabiashara kwa kuwa amewashinda wenzake kwa bidhaa bora. Linalokatazwa ni kuupata au kuulinda ukiritimba kwa hila zinazowafungia wengine mlango.

Katika miaka ya 1990, Windows, mfumo endeshi wa Microsoft, yaani programu ya msingi inayoziwezesha nyingine zote kufanya kazi, ulikuwa ndani ya zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta binafsi za aina yake. Watungaji wa programu waliandika kwa ajili ya Windows kwa sababu watumiaji walikuwa huko. Nao watumiaji waliichagua Windows kwa sababu programu zilikuwa huko.

Hali hiyo haimshangazi mwanafunzi wa lugha. Mgeni afikaye Lubumbashi hujifunza Kiswahili, si kwa kuwa amelinganisha sarufi za lugha zote, bali kwa kuwa ndicho atakachokikuta sokoni. Akiisha kukijua, huongeza idadi inayomvuta mgeni wa pili. Mzunguko wa namna hiyo si hatia. Hatia huanza pale mwenye nguvu anapowazuia wengine kuingia sokoni.

3. Jinsi mlango ulivyofungwa

Mapatano ya kwanza kati ya kampuni na Wizara ya Sheria yalifikiwa mwaka 1994, na mahakama iliyaidhinisha mwaka 1995. Yalikomesha desturi ya kuwatoza watengenezaji ada kwa kila kompyuta waliyoiuza, hata ile isiyokuwa na mfumo wa Microsoft. Ni dhahiri kwamba anayelipia Windows kwa vyovyote hana sababu ya kununua mfumo mwingine.

Wakati huohuo kulitokea Navigator ya kampuni ya Netscape, ambayo ni kivinjari, yaani programu ya kusomea kurasa za intaneti. Navigator ilifanya kazi juu ya mifumo endeshi mbalimbali. Iwapo programu zingeandikwa kwa kuitegemea yenyewe, mtumiaji asingelazimika tena kuwa na Windows. Microsoft iliunganisha kivinjari chake, Internet Explorer, na Windows, tena ikawakataza watengenezaji wa kompyuta kukiondoa. Ndipo Mei 1998 Wizara ya Sheria, pamoja na majimbo kadhaa, ilipofungua kesi mpya.

4. Kutoka kugawanya hadi kusimamia

Jaji Thomas Penfield Jackson aliamua Aprili 2000 kwamba sheria ilivunjwa, na mwezi Juni akaamuru kampuni igawanywe mara mbili: moja ya mfumo endeshi, nyingine ya programu zilizosalia. Juni 2001 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ukiritimba ulilindwa kinyume cha sheria. Hata hivyo ilitengua amri ya kugawanya, na kumwondoa jaji huyo kwa kuwa alizungumza faraghani na waandishi wa habari kesi ikiendelea.

Mapatano mapya yalifikiwa Novemba 2001, na sehemu yake kubwa iliidhinishwa na Jaji Colleen Kollar-Kotelly mwaka uliofuata. Kampuni ilibaki moja, lakini chini ya macho ya wataalamu watatu: mmoja aliteuliwa na kampuni, mmoja na walalamikaji, na wa tatu akachaguliwa na hao wawili. Waliruhusiwa kuchunguza hata maandishi ya ndani ya programu. Usimamizi ulikusudiwa kudumu miaka mitano. Lakini maelezo ambayo kampuni ilipaswa kuwapa washindani, ili programu zao ziweze kuwasiliana na Windows, yalichelewa kukamilika. Muda ukarefushwa hadi Mei 2011.

5. Hitimisho

Ulaya inatoa kielelezo cha upande wa pili. Desemba 2009 kampuni hiyohiyo iliahidi mbele ya Tume ya Ulaya kuwaonyesha watumiaji ukurasa wa kuchagua kivinjari. Kuanzia Mei 2011 hadi Julai 2012 ukurasa huo haukuonekana kwa watu zaidi ya milioni 15. Kampuni ilieleza kwamba lilikuwa kosa la kiufundi. Tume, ambayo ilikuwa imeitegemea kampuni yenyewe kutoa taarifa, iliitoza faini ya euro milioni 561 Machi 2013.

Mali bila daftari huisha bila habari, na ahadi mbele ya sheria ni vivyo hivyo. Hukumu hutamkwa siku moja. Faida yake kwa mnunuzi hutegemea mtu aliyewekwa kuihesabu kila siku, mwenye ujuzi wa kuelewa anachokitazama, na asiyelazimika kumuuliza mshtakiwa jibu.