Linda Vidole Vyako Unapobangua Korosho

Tazama mikono yako. Una vidole kumi. Kwa vidole hivyo unashika jembe, unasuka ukili, unamlisha mtoto, na sasa unashika kalamu. Hapa Mtwara watu wengi, hasa akina mama, huvitumia pia kubangua korosho. Kazi hiyo huleta fedha. Lakini kazi hiyo hiyo huweza kuunguza mikono na kukata vidole. Katika somo hili tutaona kwa nini ajali hutokea, na namna ya kuzizuia.

Korosho na viwanda vyetu

Asili ya mkorosho ni Brazil. Wareno ndio walioleta mbegu zake katika pwani yetu. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000 hivi za korosho. Wakati huo korosho nyingi zilipelekwa India kubanguliwa. Serikali ikajenga viwanda vikubwa ili kazi ifanyike hapa nchini. Mjini Mtwara, ilipo kata ya Chikongola, kiwanda kimoja kilijengwa Likombe. Baadaye mavuno yalipungua sana, na katika miaka ya 1980 viwanda vingi vilifungwa. Siku hizi korosho hubanguliwa katika viwanda vya watu binafsi, katika vikundi, na majumbani. Mahali pa kazi pamebadilika, lakini hatari ni zile zile.

Mafuta ya ganda

Je, umewahi kula embe bichi, utomvu wake ukakuchoma midomo? Mwembe na mkorosho ni miti ya ukoo mmoja. Ganda la korosho lina vijitundu vingi, kama sega la nyuki. Ndani yake mna mafuta meusi na makali. Mafuta hayo yakigusa ngozi, huifanya iwe nyekundu, ivimbe, itoke malengelenge, na mwisho ibambuke. Yakiingia machoni ni hatari zaidi. Hata moshi wa maganda yanayoungua huwasha macho na kifua.

Jikinge hivi:
1. Vaa glovu. Kama huna, paka mikono mafuta ya kula kabla ya kuanza kazi, na upake tena mara kwa mara.
2. Usijifute uso wala usimshike mtoto kabla ya kunawa kwa sabuni.
3. Mafuta ya ganda yakikurukia jichoni, osha jicho kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi. Kisha nenda hospitali mara moja.
4. Ukikaanga korosho kwenye moto, kaa upande unakotoka upepo. Mafuta yakishika moto, usimwagie maji. Funika kwa mchanga.

Mashine

Mashine ndogo ya kubangulia ina visu viwili. Mkono mmoja unaweka korosho katikati ya visu, na mguu unakanyaga ili visu vikutane. Mguu ukitangulia mkono, kidole hukatwa. Kwa hiyo, toa kwanza mkono, ndipo ukanyage. Usizungumze na jirani huku unakanyaga. Visu vikiwa butu usilazimishe, omba vinolewe.

Mashine kubwa ina mikanda na magurudumu yanayozungushwa na umeme. Mkanda hauna macho. Ukikamata ncha ya khanga, utamvuta mwenye khanga. Funga nguo vizuri na ufunike nywele. Mkanda lazima uwe na kinga ya chuma. Korosho zikikwama, usiingize mkono. Zima mashine kwanza, ngoja isimame kabisa, na mweke mtu kwenye swichi ili mwingine asiiwashe.

Kuna pia pipa la mvuke la kuchemshia korosho. Mvuke huunguza kuliko maji ya moto. Usifungue kifuniko mpaka mvuke umetoka wote, na usisimame mbele yake.

Kwa nini watu hawajikingi?

Si kwa sababu ni wajinga. Chukua mfano huu. Mama mmoja analipwa kwa kilo. Glovu zinamchelewesha. Akizivaa, jioni anapata kilo chache kuliko mwenzake. Basi anazivua. Anaongeza mwendo ili apate ada ya shule ya mtoto. Alasiri amechoka, na mguu unatangulia mkono. Kidole kikikatika, atakaa nyumbani wiki nyingi bila kilo hata moja. Haraka haraka haina baraka.

Mama huyu hawezi kuliondoa tatizo hili peke yake. Inafaa wafanyakazi wakae pamoja na mwenye kiwanda. Waafikiane juu ya glovu zinazofaa, muda wa kupumzika, na malipo yasiyomlazimisha mtu kucheza na kisu.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Ni wajibu wake kuweka kinga kwenye mashine na kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Na wewe una wajibu wa kuvitumia. Wakaguzi wa serikali kutoka OSHA wana haki ya kuingia kiwandani na kukagua.

Sheria ya fidia ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Waajiri walianza kuuchangia mwaka 2015. Mchango huo hutoka kwa mwajiri. Haukatwi katika mshahara wako. Ukiumia kazini, mwambie mwajiri mara moja, hata kama jeraha ni dogo. Tunza karatasi za hospitali. Andika tarehe, saa, na majina ya walioona. Sasa unajua kuandika. Kalamu yako ni kinga pia.

Ikiwa mwenzako amekatwa, bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono wake juu, na mpeleke hospitali bila kuchelewa.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ganda la korosho huunguza ngozi?
2. Ufanye nini korosho zikikwama katika mashine?
3. Kijijini kwenu, nani hubangua korosho? Wanajikinga kwa nini?
4. Andika mambo matatu ya kuyaandika mtu anapoumia kazini.