Kompyuta Ikinyamaza

Kubadili neno katika faili lenye mistari mia nne ni kazi ya kumchosha mtu kutwa nzima, lakini programu iitwayo sed huimaliza kwa nukta chache tu. Programu hii ilitungwa na Lee McMahon katika Bell Labs, Marekani, mwaka 1973 na 1974, na hata leo yatumika katika kompyuta za Linux.

Sed hupewa mambo mawili: kigezo, yaani sura ya maandishi yatafutwayo, na maandishi ya kuwekwa mahali pake. Yafaa tujue kuwa kigezo kisipolingana na mstari wo wote, sed hailalamiki. Huyatoa maandishi vile vile yalivyoingia, na mtu hudhani kazi imekwisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tuchukue mfano wa alama za mtihani. Mstari mmoja wasema K147 62, yaani nambari ya mwanafunzi na alama zake. Aliyekuwa mgonjwa siku ya mtihani huwekewa vistari badala ya alama, pengine kimoja, pengine vitatu. Skripti ya kutafuta wastani huruka mstari wenye X, lakini vistari huvihesabu kuwa sifuri. Wanafunzi watatu wakipata 60, 70 na 80, wastani ni 70. Wa nne akiwa mgonjwa, na vistari vyake visigeuzwe kuwa X, wastani washuka hadi 52.5, naye mgonjwa huonekana wa mwisho katika karatasi ipelekwayo kwa wazazi wake.

Basi amri yaandikwa hivi:

sed 's/ -+$/ X/' alama.txt

Maana iliyokusudiwa ni hii: tafuta nafasi, kisha kistari kimoja au zaidi, kisha mwisho wa mstari, ambao alama yake ni $, weka X. Lakini amri yapita, na vistari vyabaki pale pale!

Hapa haifai kubahatisha. Kifupishe kigezo mpaka kikubali, kisha ukirefushe kipande kimoja kimoja. Kipande kinachokifanya kikatae ndicho chenye kosa.

Kwanza jaribu s/ -/ X/. Kinakubali, ingawa X yafuatwa na vistari vilivyosalia. Basi nafasi na kistari havina neno. Ongeza +, nacho chakataa. Sababu ni kwamba katika sed ya kawaida + si "moja au zaidi", bali ni alama ya kujumlisha tu, na alama hiyo haimo katika faili. Ukiandika sed -E, + hupata maana tuitakayo.

Sasa rudisha $. Kigezo chakataa tena! Basi shida iko mwishoni mwa mstari. Iwapo faili liliandikwa katika kompyuta ya Windows, kila mstari huishia kwa herufi moja isiyoonekana kwa macho, nayo huandikwa \r. Ili kuifichua, tumia amri hii:

sed -n l alama.txt

Mstari utatokea hivi: K152 --\r$. Hiyo $ ya mwisho yaonyesha mstari unapokoma, na \r imesimama kati yake na vistari. Dawa ni kuiondoa kwanza:

tr -d '\r' < alama.txt | sed -E 's/ -+$/ X/' > safi.txt

Hata hapo usiuamini ukimya wa kompyuta. Andika grep -c 'X$' safi.txt, nayo itakuhesabia mistari yenye X mwishoni. Kisha fungua daftari la mahudhurio. Ikiwa waliokosa mtihani ni watano, jibu nalo liwe 5. Likiwa 4, yuko mwenzetu mmoja ambaye bado amepewa sifuri asiyostahili.

Mwanafunzi, Kidato cha IV