Bahari Si Mahali Patupu

Tarehe 28 Januari, 2025, ndege ndogo ya majaribio iitwayo XB-1, mali ya kampuni ya Boom Supersonic ya Marekani, iliruka kwa kasi iliyoizidi ile ya sauti. Kampuni hiyo inakusudia kuunda ndege ya abiria 60 hadi 80, na hivyo kufufua safari zilizokoma mwaka 2003 Concorde ilipostaafishwa. Sisi tunaona kwamba jambo hili linawahusu wananchi wa Dar es Salaam na wa Visiwani, hata wale ambao hawatanunua tiketi yake kamwe.

Concorde ilianza kuchukua abiria tarehe 21 Januari, 1976. Ilikwenda maradufu ya kasi ya sauti, lakini ilibeba abiria wapatao 100 tu na kuteketeza takriban lita 25,000 za mafuta kwa saa. Sababu ni wazi. Ndege inapoipita sauti, hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kupisha. Hugandamizwa, na kuipenya hewa hiyo hugharimu nguvu nyingi. Injini za feni pana, zilizopunguza gharama za ndege za kawaida, hazifai kwa kasi hiyo, maana upana wake huongeza mkinzano. Injini nyembamba nazo hula mafuta mengi na hupiga kelele kubwa wakati wa kupaa. Mzigo wa kelele hizo ungewaangukia wakazi wa Yombo, wilayani Temeke, walio jirani na Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere.

Tusisahau pia kwamba mwaka 2022 Air Tanzania ililazimika kusimamisha baadhi ya ndege zake za Airbus A220 kwa sababu ya matatizo ya injini. Ikiwa injini za kasi ya kawaida hutaabisha, za kasi kuu zitataka uangalifu zaidi.

Lipo tena suala la kishindo. Mwaka 1973 Marekani ilikataza ndege za kiraia kuipita sauti juu ya nchi kavu. Mwezi Juni, 2025 Rais wa nchi hiyo aliagiza katazo hilo liondolewe. Kwa miaka yote ya safari zake Concorde iliachiwa bahari, kana kwamba baharini hakuna watu.

Kwetu sisi hoja hiyo haisimami. Kishindo cha ndege iliyo juu kiasi cha kilomita 17 huenea ardhini kwa upana wa makumi ya kilomita, hali mlango wa bahari wa Zanzibar, mahali pake pembamba, haufiki kilomita 40. Ndege moja ikipita katikati yake kwa kasi hiyo ingeweza kuwashtua watu wa Kunduchi, wilayani Kinondoni, na wa Unguja kwa mpigo mmoja, pamoja na wavuvi walio ndani ya ngalawa zao.

Kwa hiyo tunaziomba Serikali zetu zote mbili, pamoja na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, zikae mapema na kuamua masharti ya anga letu. Masharti hayo yatamke waziwazi kwamba visiwa na maji yanayovizunguka vinahesabiwa kuwa makazi ya watu. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Kanuni iandikwe sasa, kabla ya ndege hizo kuomba njia.