Video Fupi ya Wanafunzi: Karatasi Kabla ya Kamera (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulichagua somo letu: maisha ya mbu, kwa wanafunzi wa darasa la nne, katika video ya dakika 3. Leo tunapanga picha na sauti. Kamera bado ikae mfukoni.

Chukua karatasi, uigawe safu mbili. Kushoto andika kitakachoonekana, kulia kitakachosikika. Wengi wetu huandika maneno yote kwanza, kisha hutafuta picha za kuyapamba, na kinachopatikana ni hotuba tu. Safu zote mbili zijazwe kwa pamoja, mstari kwa mstari.

Mfano ni kiluwiluwi wa Anopheles, mbu anayeeneza malaria. Yeye hulala sambamba na uso wa maji, ilhali yule wa Culex, aina nyingine ya mbu, huning'inia kichwa chini, mkia juu. Ukiieleza tofauti hiyo kwa maneno matupu, kengele haijalia mtoto ameshasahau. Wachore viluwiluwi wawili ubavu kwa ubavu, picha itulie kwa sekunde 8. Upande wa sauti weka swali moja: "Yupi amelala?" Baada yake andika neno KIMYA. Ndiyo, kimya nacho hupangwa, maana mtoto anahitaji nafasi ya kutazama na kujibu.

Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba maneno yakiambatana na picha hufundisha vizuri kuliko maneno peke yake. Ameonyesha pia kwamba muziki na vikorombwezo visivyohusu somo humvuruga mwanafunzi. Basi muziki ubaki mwanzoni na mwishoni. Mlio wa mbu usikike mara moja tu, pale jike anapotafuta damu ya kukuzia mayai. Dume hanyonyi damu. Wala usijaze kiooni maandishi yaleyale anayosoma msimulizi. Yatosha majina ya hatua nne: yai, kiluwiluwi, pupa, mbu.

Mwisho, soma safu ya kulia kwa sauti huku ukitazama saa. Dakika 3 zikipita, punguza maneno, usikimbize ulimi.

Wiki ijayo tutarekodi. Kabla ya hapo, mwalimu, msomee mtoto mmoja karatasi yako, umwombe akuchoree alichoelewa. Atakaposhindwa kuchora, hapo andika upya.