Kuopoa si kuokoa: Hatari za kuwafuata wafu katika mapango ya maji

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wengi wetu huyachanganya pindi ajali inapotokea majini. Kuokoa ni kumtoa mtu angali hai. Kuopoa ni kutoa majini kilichozama, ukiwemo mwili wa aliyekwisha kufa. Maneno haya yametenganishwa na herufi moja tu, lakini kwa daktari tofauti yake ni kubwa. Ndiyo inayoamua ni hatari kiasi gani mtu mwenye afya yake anafaa kuikabili kwa ajili ya mwenzake.

Tofauti hii hujitokeza wazi zaidi katika mapango yaliyojaa maji. Mzamiaji akipatwa na shida baharini, angalau juu yake kuna uso wa maji. Pangoni juu yake kuna mwamba. Njia ya kutokea ni ile ile aliyoingilia, nayo huwa na giza totoro. Tope likitibuliwa kidogo tu, taa haisaidii tena na uhai wake hutegemea kamba nyembamba aliyoitandaza alipokuwa akiingia.

Kisa cha Boesmansgat

Katika jimbo la Northern Cape nchini Afrika Kusini kuna shimo la maji liitwalo Boesmansgat, mojawapo ya mapango ya maji yenye kina kirefu zaidi duniani. Mwezi Desemba 1994, kijana wa miaka 20, Deon Dreyer, alizama humo na hakurudi. Mwili wake haukupatikana kwa karibu miaka kumi.

Oktoba 2004, mzamiaji kutoka Australia, David Shaw, aliyekuwa rubani wa ndege za abiria, alifika chini kabisa, mita 270, akauona mwili huo. Alijaribu kuuinua, ukamshinda, na pumzi zikaanza kumwenda mbio. Aliufunga kamba ili upatikane tena, akapanda. Baadaye aliwaahidi wazazi wa kijana kwamba angerudi kuwaletea mtoto wao.

Alirudi Januari 8, 2005, akiwa na kikosi cha wasaidizi na mfuko wa kutilia mwili. Yeye na wenzake walitarajia kukuta mifupa tu ndani ya vazi la kuzamia. Badala yake, mwili ulikuwa umegeuka kuwa kitu kama sabuni, ukaanza kuelea na kumponyoka mikononi. Kamba zikajisokota kwenye taa yake. Kamera aliyoivaa kichwani ilirekodi kila kitu, hata sauti ya pumzi zake zikizidi kwenda mbio hadi zilipokatika. Alikuwa na umri wa miaka 50, mume na baba wa watoto wawili.

Siku nne baadaye, wazamiaji wakiopoa vifaa vilivyosalia, miili yote miwili ilikutwa imeelea hadi karibu na uso wa maji. Kamba iliyofungwa kwa Dreyer ilikuwa ingali imeshikamana na Shaw. Ahadi ilitimia, lakini familia ya pili iliingia matangani.

Nini kilimuua?

Huenda ukajiuliza, msomaji, mtu mwenye ujuzi na hewa ya kutosha alikufaje? Kila mita 10 za maji huongeza presha sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu. Katika mita 270, mwili hubanwa kwa zaidi ya mara 25 ya presha tuliyoizoea. Hapo hewa yenyewe hubadilika tabia.

Kwanza, naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa, humlewesha mtu kuanzia takriban mita 30. Pili, oksijeni ikizidi presha fulani huwa sumu na huleta degedege. Kwa sababu hizo, wanaokwenda chini sana huchanganya hewa yao na heliamu.

Tatu, na hili ndilo linaloaminika kuwa lilimwangusha Shaw, hewa iliyobanwa huwa nzito. Kuivuta na kuitoa ni kazi kama kupumua kupitia mrija mwembamba. Mtu akifanya kazi ya nguvu katika kina hicho, mapafu hushindwa kuitoa kaboni daioksaidi. Hewa hiyo chafu hujaa katika damu, naye hutweta zaidi. Kutweta huko hakumsaidii. Akili huvurugika, kisha hupoteza fahamu. Kazi ambayo nchi kavu ni ya dakika mbili, kama kutia mzigo ndani ya gunia, huko chini yaweza kuua.

Hatari ya nne humngoja mzamiaji anapopanda. Chupa ya soda ikifunguliwa ghafla hutoa povu. Ndivyo damu ya mzamiaji inavyofanya akipanda upesi, kwani hewa iliyoyeyuka mwilini hutoka kama mapovu na kuziba mishipa. Akiwahi kupona anaweza kubaki amepooza. Kwa hiyo kina alichokifikia kwa dakika chache humlazimu kupanda polepole, akisimama mara kwa mara, kwa saa nyingi.

Rafiki yake Shaw, Don Shirley, aliyajua hayo siku iyo hiyo. Alipoona taa ya mwenzake haisogei, alishuka kumfuata hadi karibu mita 250. Chombo chake cha kudhibiti hewa kikapasuka kwa presha, ikambidi ageuke. Njiani povu likaingia ndani ya sikio lake, sehemu inayotupa usawa wa mwili. Alizungukwa na kizunguzungu na kutapika majini kwa saa nyingi, huku wenzake wakimhudumia. Alitoka baada ya zaidi ya saa 12, na usawa wake haujarudi kama zamani. Alinusurika kwa sababu aligeuka.

Walio hai ni jambo jingine

Linganisha na yaliyotokea katika pango la Tham Luang, Thailand, mwaka 2018. Wavulana 12 na kocha wao wa kandanda walinaswa humo na mafuriko mnamo Juni 23. Walipatikana Julai 2 wakiwa hai. Julai 6, mwanajeshi mstaafu wa kikosi maalum cha wanamaji, Saman Gunan, alikufa akirudi kupeleka mitungi ya hewa. Mwenzake mwingine, Beirut Pakbara, alifariki Desemba 2019 kutokana na ambukizo la damu alilolipata katika kazi hiyo.

Wote 13 walitolewa kati ya Julai 8 na 10. Daktari Richard Harris wa Australia aliwalaza kwa ketamini, dawa ya usingizi inayotumika hata katika hospitali zetu za wilaya, ili wasipatwe na kiwewe majini. Bei ilikuwa kubwa, lakini ililipwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakipumua.

Je, wafu waachwe?

La hasha. Sisi Waafrika tunajua uzito wa kuzika. Msiba usio na kaburi haufungiki. Mama husikiliza mlango miaka nenda miaka rudi. Huzuni hiyo ni ugonjwa kamili, nayo huleta kukosa usingizi, sonona na presha ya damu. Hata wazamiaji wenyewe huionja. Mwaka 2014, Wafini wawili walikufa katika pango la Plura, Norway. Wataalamu walioitwa wakaona hatari ni kubwa mno, na polisi wakapiga marufuku kuzamia humo. Rafiki za marehemu walirudi kwa siri mwezi Machi, wakaitoa miili yote miwili, nao wakatoka salama. Walifaulu, lakini kufaulu kwao hakuifanyi hatari kuwa ndogo.

Ninachosema ni kwamba maiti haiumii kwa kungoja. Aliye hai majini hupoteza nafasi yake kwa dakika, kwa hiyo haraka yafaa. Kwa marehemu, saa ya kufikiri haina hasara, na mzamiaji anapaswa kuwa na ruhusa ya kusema "leo siendi" bila kuitwa mwoga. Ahadi iliyotolewa kwa wafiwa isiwe mnyororo shingoni mwake.

Wakenya tulilionja jambo hili, ijapokuwa si pangoni. Septemba 29, 2019, gari lilitumbukia kutoka feri ya Likoni likiwa na mama na bintiye. Liliopolewa Oktoba 11 kutoka kina cha mita 58 hivi. Siku zile 13 zilikuwa chungu kwa familia, na wengi walilaumu. Hata hivyo, kwa kina hicho naitrojeni hulewesha, muda wa kazi chini ni dakika chache, na mkondo wa maji hauna huruma. Tukiuliza kwa nini hawajatolewa, tuulize pia wanaoshuka wamepewa vifaa gani, na kama kuna chumba cha presha na daktari tayari kuwapokea.

Vijijini kwetu pango letu ni kisima, choo cha shimo na timbo lililojaa maji. Mtu huanguka, nduguye humfuata, na jirani humfuata nduguye. Mara nyingi hewa ya mle ndani haina oksijeni ya kutosha au ina sumu isiyoonekana, nayo huwalaza mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo:

- Usiingie shimoni kumfuata aliyezirai. Ita watu, teremsha kamba na omba msaada wa wazima moto.
- Anayezama karibu nawe, mtupie kamba, ubao au mtungi mtupu wa plastiki kabla ya kufikiria kuruka majini.
- Ikishajulikana kuwa mtu amekufa, zuia vijana wasizamie kwa fedha au kwa sifa. Ngojeni wenye vifaa.
- Wafiwa wasilazimishwe kuamua peke yao. Wazee na wahudumu wa afya wakae nao siku zote za kungoja.

Heshima kwa marehemu ni kubwa, lakini haidai maiti ya pili. Kabla hujamtuma mtu kushuka, jiulize kwanza: anakwenda kuokoa, au anakwenda kuopoa?