Mgombea Tajiri na Mpiga Kura wa Kando ya Mto: Je, Ni Mali Inayowatenga?

Tangu uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 kuna swali linalorudi kila mara katika mazungumzo yetu baada ya ibada. Je, mtu mwenye mali nyingi anaweza kweli kumwakilisha mama anayeuza kwanga na samaki bandarini Yangambi? Wengine wanajibu upesi kwamba hawezi, kwa kuwa mwenye kushiba hamjui mwenye njaa. Wengine wanajibu upesi vilevile kwamba heri tajiri, kwa kuwa amekwisha kushiba na hataiba. Sisi tunaona majibu yote mawili yamekuja haraka mno.

Tuanze na mahali penyewe. Yangambi iko ukingoni mwa mto Kongo, karibu kilomita 100 chini ya Kisangani, katika teritware ya Isangi. Wabelgiji walijenga hapo makao ya utafiti wa kilimo mwaka 1933, yale tunayoyajua leo kwa jina la INERA. Anayepanda kutoka bandarini hadi juu kwenye uwanda ataziona nyumba kubwa za matofali walimokaa wataalamu, na ataelewa kwamba umbali kati ya mwenye cheo na mtu wa kawaida haukuanza na wagombea wa leo. Ulijengwa kwa matofali. Kisha akaja Mobutu, aliyepita katika mto huuhuu kwa meli yake Kamanyola. Watu walisimama ukingoni wakaimba, na meli ikapita.

Kwa hiyo macho yetu yamezoea. Mkubwa ni yule anayekuja kwa chombo kisicho chetu. Sisi twasafiri kwa mtumbwi, kwa balenieri iliyojaa mahindi na mbuzi, kwa pikipiki katika barabara inayogeuka matope mvua ikinyesha. Mgombea huja kwa mashua ya mwendo wa kasi au kwa gari la magurudumu makubwa, akae saa mbili, agawe fulana na vitenge, aondoke kabla ya jua kutua.

Lakini tutazame kilichotokea kweli mwaka 2023. Moïse Katumbi ni mmoja wa matajiri wanaojulikana zaidi nchini. Alifanya biashara katika madini ya Katanga, amekuwa rais wa klabu ya TP Mazembe tangu 1997, na alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. Kampeni yake aliifungua hapa kwetu Kisangani, siku moja tu baada ya kampeni kuanza rasmi tarehe 19 Novemba. Je, watu walimkimbia kwa sababu ya mali yake? La. Walijaa barabarani. Vijana wa toleka hawakumwona kuwa mtu wa mbali, kwani walimjua kwa njia ya mpira, na mpira huingia katika kila nyumba. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa asilimia 18 hivi, akawa wa pili nyuma ya Rais Félix Tshisekedi aliyepewa zaidi ya asilimia 73.

Sasa mtazameni mwingine. Daktari Denis Mukwege ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, naye mwenyewe huhubiri. Hospitali yake ya Panzi iko chini ya CEPAC, jumuiya ndugu katika Kanisa la Kristo Kongo. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani kwa ajili ya kuwatibu wanawake waliobakwa vitani. Nani katika mashariki yetu angeweza kusema kwamba mtu huyu yuko mbali na maumivu ya watu? Alipotangaza kugombea, wafuasi wake walichangishana fedha za dhamana. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa asilimia 0.22.

Tunajua kwamba matokeo hayo yalipingwa, na kwamba ujumbe wa waangalizi wa CENCO na ECC ulitaja kasoro nyingi. Tunajua pia kwamba watu wana sababu nyingi za kumchagua mtu, zikiwemo kabila, chama, lugha na vita. Hata hivyo tofauti hii inatulazimisha kukubali jambo ambalo hatupendi kulisema kanisani: mara nyingi si mali inayomtenga mgombea na mpiga kura, bali kukosa mali. Asiye na fedha hafiki Yangambi. Sauti yake haisikiki redioni, picha yake haibandikwi, na mashahidi wake hawaonekani katika vituo vya kupigia kura. Tunamhesabu kuwa mbali kwa sababu tu hatukumwona.

Na hapa ndipo shida yenyewe ilipo. Kugombea urais mwaka 2023 kulihitaji dhamana ya faranga milioni 160 za Kongo, zaidi ya dola 60,000 za wakati ule. Mgombea ubunge wa taifa alilipa faranga 1,600,000, na fedha hizo hazirudishwi. Juu ya hapo kuna mafuta ya mashua, vitenge, vijana wa kubandika picha, chakula cha kila mkutano. Sheria ya mwaka 2008 iliahidi kwamba Serikali itasaidia vyama kwa fedha za umma, lakini ahadi hiyo imebaki katika karatasi. Basi mwenye nia njema bila mali ana njia mbili: akope, au atafute mtu wa kumlipia. Akishinda, deni linakaa naye bungeni. Waliosimama katika uchaguzi wa wabunge wa taifa walikuwa zaidi ya 25,000, kwa viti visivyofika 500. Wengi waliuza shamba au nyumba, na wengi walipoteza vyote.

Kwa hiyo tunapouliza kama fulani ni tajiri, pengine tunauliza swali la pili kabla ya lile la kwanza. La kwanza ni hili: fedha alizotumia kwetu zitarudije? Mwenye duka akinunua magunia kumi ya chumvi, hayaleti nyumbani kuyatazama. Mwezi Januari 2024 Tume ya Uchaguzi, CENI, ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu, rushwa na makosa mengine, wengine wakiwa wamekutwa na mashini za kupigia kura mikononi mwao. Walikuwamo watu wenye vyeo vikubwa. Mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya kazi ya kuwatumikia wengine. Anafanya kwa ajili ya kitu atakachokivuna.

Katika Biblia tunaye mgombea aliyeelewa mambo haya vizuri sana. Absalomu alijipatia gari, farasi na watu hamsini wa kukimbia mbele yake. Huo ndio msafara. Lakini hakubaki ndani ya gari. Aliamka mapema, akasimama kando ya njia ya lango, akamwuliza kila mtu mji anaotoka, akamshika mkono na kumbusu. Alikuwa tajiri na alikuwa karibu, na ukaribu ule ndio uliokuwa mtego (2 Samweli 15). Nehemia naye alikuwa mtu wa jumba la mfalme, mwenye uwezo wa kulisha watu 150 mezani pake. Lakini kwa miaka kumi na miwili hakula posho ya liwali, kwa sababu utumwa wa watu ulikuwa mzito (Nehemia 5). Wote wawili walikuwa na mali. Hatuwezi kuwatofautisha kwa kuhesabu farasi.

Tunaweza kuwatofautisha kwa vitabu vya hesabu, kama vingekuwapo. Katiba, kifungu cha 99, inamtaka Rais wa Jamhuri na mawaziri watangaze mali ya familia yao mbele ya Mahakama ya Katiba wanapoingia na wanapotoka. Kifungu hicho hakiwataji wabunge. Mtu wetu anaweza kutoka Isangi na baiskeli moja, arudi baada ya miaka mitano na nyumba tatu Kinshasa, wala hakuna daftari la kutuonyesha zilitoka wapi. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa kwa maji ni zaidi ya kilomita 1,700. Wengi walioondoka kwetu wakiwa maskini kama sisi waliipita njia hiyo mara moja tu, na hatukuwaona tena hadi kampeni nyingine. Hao nao tulisema ni wa kwetu.

Na sisi kanisa? Yakobo aliandika juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu anayeingia katika kusanyiko na kupewa kiti kizuri, naye maskini akaambiwa asimame. Tumefanya hivyo. Mgombea amefika Jumapili wakati wa nyimbo, tumesimamisha kwaya, tumempa kiti cha mbele na kipaza sauti, naye ameahidi mabati au kinanda, na sisi tumepiga vigelegele. Mzee wa kanisa aliyemaliza wiki nzima akitengeneza mabenchi yale hakutajwa.

Katika parokia kadhaa tumeanza kuzungumza juu ya utaratibu mwingine: mgombea apokewe kama mwabudu mwingine, akae panapobaki nafasi, sadaka yake iingie katika kapu pamoja na za wote, na mazungumzo ya siasa yafanyike nje ya ibada, wagombea wote wakialikwa, hata yule aliyekuja kwa miguu. Katika mazungumzo hayo aulizwe mbele ya watu dhamana yake ililipwa na nani, na ataonekana Yangambi mara ngapi kwa mwaka.

Wazee wengine wanatujibu kwamba paa linavuja sasa, na mabati ya mgombea ni mabati. Hatujakubaliana nao, nao hawajakubaliana nasi. Uchaguzi unaofuata unatazamiwa mwaka 2028, na mvua zitanyesha mara nyingi kabla ya hapo.